Salio la 66,600 na Wapiga Hesabu wa Ufunuo

Mfyuuu! Sogea hapo benchini, mjomba, nami nikae, maana leo nimesonya mpaka ulimi umeota sugu.

Kijana wetu wa bodaboda, huyu mwenye kofia ngumu ya njano, kafungua simu kuangalia salio. Kakuta 66,600. Mbio kwa dada wakala: "Dada, nitolee hata buku mbili, lisikae hivi!" Katolewa, makato yakachukua chao, salio likawa namba nyingine isiyo na mapembe. Sasa kaja kukaa nasi, anapuliza kahawa, anatutangazia kwamba leo kamkwepa mnyama. Kamkwepa mnyama, kaliwa na makato. Haya, hongera.

Simbebeshi lawama zote. Habari hizi anakutana nazo kila kona. Leo ni vile vimistari vyeusi vya kwenye pakiti ya sabuni, kesho ni chanjo, keshokutwa ni kitambulisho. Kwa majirani zetu Kenya, mwaka 2019 serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, walitokea wahubiri wakasema hiyo ndiyo chapa ya mnyama, na mmojawapo alikuwa Paul Mackenzie wa Malindi. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, walikohamia wafuasi wake, ukaanza kufukuliwa, na miili iliyotolewa ardhini ikapita 400. Mashtaka ameyakana, na hukumu ni kazi ya mahakama, mimi simo. Ninachosema ni kwamba habari za namba si za kutafunia kashata tu. Kuna watu wanazifuata mpaka porini.

Sasa nisikilizeni, na wewe mzee wa kanisa usininunie. Mtu akifungua Ufunuo anakutana na mwanakondoo mwenye pembe saba na macho saba. Hakuna mchungaji, mjini wala shamba, atakayekwambia Yesu ana pembe. Atakwambia huo ni mfano: pembe ni nguvu, macho ni kuona yote. Sawa. Anafunua mbele, anakuta mnyama wa vichwa saba anatoka baharini. Sijasikia wavuvi wa Feri wakizuiwa kwenda kuvua. Mfano huo. Mwanamke aliyevikwa jua, mfano. Joka jekundu linalokokota nyota kwa mkia, mfano. Halafu humo humo, kwenye ukurasa ule ule, ikitokea namba, ghafla mifano imekwisha! Kalamu inatoka mfukoni, kikokotoo kinawashwa. Nani aliyewaambia kwamba katika picha nzima kitu pekee kisicho picha ni tarakimu?

Nilimuuliza hivyo mhubiri mmoja pale stendi, akanijia juu: "Mungu si mwongo, akisema elfu ni elfu." Nikamwambia, mtumishi, Petro alipouliza amsamehe nduguye mara ngapi akajibiwa saba mara sabini. Wewe nyumbani una daftari? Mama watoto akifika kosa la 491 ndipo unamrudisha kwao? Akawasha spika yake, akaendelea kuhubiri. Kwenye spika huwa hapana maswali.

Na lugha hii si ngeni kwetu. Tunasema siku za mwizi arobaini, na hakuna kituo cha polisi kinachomsubiri mwizi siku ya arobaini na moja. Tunajua maana yake: zitafika tu. Arobaini ya Biblia nayo ina tabia hiyo hiyo. Mvua ya Nuhu siku arobaini, Musa mlimani arobaini, Eliya njiani arobaini, Yesu jangwani arobaini. Ukiisikia arobaini ujue mtu yuko kwenye jaribu, na jaribu lina mwisho. Yona akaingia Ninawi akatangaza kwamba zimebaki siku arobaini mji uangamizwe. Watu wakavaa magunia, mfalme akakaa majivuni, na siku zikapita mji ukiwa salama. Hapo aliyekasirika ni Yona peke yake. Katoka nje ya mji, kajenga kibanda, kakaa kivulini kungoja aone. Hesabu yake haikutimia na watu wapo hai, naye hilo linamuuma! Wapo wengi wa namna yake hata leo, ila hawa wa leo wana spika.

Tukirudi kwa mnyama wa kijana wetu, aliyetusaidia hapa kijiweni kuliko wote ni Ostadhi, wala si mzee wa kanisa. Watu wa pwani hesabu ya abjadi tunaifahamu. Alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, unapanda hivyo mpaka makumi, mamia, hadi elfu. Ndiyo maana kuna watu wanaandika 786 juu ya karatasi wakikusudia Bismillahi nzima, na watu wa falaki wakitaka kukupigia bao la nyota wanajumlisha herufi za jina lako na za jina la mama yako. Waebrania wana hesabu ya jinsi hiyo hiyo, na Wagiriki wa kale hali kadhalika. Tarakimu kama zetu hawakuwa nazo, herufi ndizo zilizokuwa namba, kwa hiyo kila jina lilikuwa na jumla yake. Pale Pompei, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, kuna ukuta ambao mtu kaandika kwamba anampenda msichana mwenye namba 545. Jina hakulitaja. Mwenye kujua anajua.

Basi Yohana, yuko kisiwani Patmo, na wasomi wengi wanaweka uandishi wake karibu na mwaka 95, anawaandikia watu waliozoea michezo ya namna hiyo. Anawaambia mwenye akili aihesabu namba ya mnyama, maana namba hiyo ni ya mtu. Ya mtu, jamani! Hakusema ya simu. Chukua Neroni Kaisari, mwandike kwa herufi za Kiebrania: nuni 50, reshi 200, vavu 6, nuni 50. Kaisari naye: kofu 100, sameki 60, reshi 200. Dada wakala alituwekea kwenye kikokotoo chake hapa hapa, kidole kwa kidole. Ikatoka 666. Kijana wa bodaboda akasogeza kiti nyuma.

Nero huyo ndiye aliyewatesa Wakristo wa Roma baada ya moto mkubwa wa mwaka 64. Alijiua mwaka 68, na kwa miaka mingi baadaye uvumi ukazagaa kwamba hajafa, au kwamba atarudi. Mtu wa Smirna au Pergamo akisikia habari za mnyama aliyejeruhiwa kichwani akapona, hakuhitaji kamusi.

Kuna kitu kingine kinachonogesha. Baadhi ya nakala za kale za Ufunuo, kikiwemo kipande kilichopatikana Oxyrhynchus huko Misri, hazina 666. Zina 616. Irenayo, askofu wa Lyon, alikwisha kulijua jambo hilo karne ya pili na akasema ni kosa la wanakili. Lakini jaribu kumwandika Nero kwa matamshi ya Kilatini, ambayo hayana ile nuni ya mwisho. Toa 50. Inabaki 616! Ndiyo sababu wasomi wengi wanaona hapo pana Nero. Haki ya Mungu lazima niseme kwamba Irenayo mwenyewe hakumtaja Nero. Yeye alijaribisha majina mengine, likiwemo Lateinos, kisha akawaonya watu wasiwe na pupa ya kubandika jina. Pupa hiyo imedumu hadi leo. Kila anayechukiwa ameshahesabiwa akafika 666, mapapa kwa wafalme, na ukikosa kwa Kiebrania unahamia Kigiriki, ukikosa Kigiriki unaongeza cheo chake, ukikosa kabisa unamwongezea jina la babu.

Wengine wanasema sita ni pungufu ya saba, na saba ni timilifu, kwa hiyo 666 ni mtu anayejipandisha mara tatu na mara tatu anaishia njiani. Inanipendeza hiyo, ila siwezi kuapa.

Lakini msinielewe kwamba namba ikiwa na maana basi haina mahali duniani. Makanisa saba ya Ufunuo ni miji ya kweli, iko Uturuki ya leo, Efeso na wenzake, unaweza kupanda ndege ukaenda kukanyaga mawe yake. Ila makanisa ya eneo lile hayakuwa saba tu. Kolosai ilikuwepo, Hierapoli ilikuwepo, jirani kabisa na Laodikia, na Paulo anaitaja yote mitatu katika barua moja. Yohana kachukua saba kwa sababu ukisema saba umesema yote. Vivyo hivyo miaka sabini ya Yeremia. Hekalu lilibomolewa mwaka 586 kabla ya Kristo na jipya likakamilika mnamo 516, hapo sabini inakaa vizuri. Ukipenda kuhesabu kutoka uhamisho wa kwanza hadi Babeli ilipoanguka mwaka 539, haikai sawasawa. Isaya naye anaupa mji wa Tiro sabini, akasema ni kama siku za mfalme mmoja. Ni umri wa mtu, mjomba. Ukiambiwa utakaa uhamishoni sabini, umeambiwa wewe hutarudi, mjukuu wako atarudi. Hiyo ndiyo habari waliyoipata, na ilikuwa nzito kuliko tarehe. Danieli alipoisoma sabini hiyo na kuomba, jibu alilopewa ni majuma sabini, yaani imetanuliwa mara saba. Hata ndani ya Biblia yenyewe namba inavutika.

Haya, 144,000. Nilijua mtafika hapo. Wapo ndugu zetu wanaoamini hao ndio idadi kamili ya watakaokwenda mbinguni, na ni watu wema, wanapiga hodi kwa adabu, hawana ugomvi na mtu. Ila tusome wote kwa utulivu. Wale ni 12,000 kutoka kila kabila la Israeli. Dani hayumo kwenye orodha. Yusufu yumo, na Manase mwanawe yumo pia. Sura ya 14 inaongeza kwamba ni wanaume ambao hawajajitia unajisi na wanawake. Hapo benchi lote liliangaliana, kisha likacheka. Ukichukua namba kama ilivyo, chukua na makabila kama yalivyo, na hilo la wanawake kama lilivyo, halafu utuambie nani kapona hapa. Hawafanyi hivyo. Wanasema kabila ni mfano, ubikira ni mfano, ila 144,000 ni kamili kama daftari la mahudhurio! Na kitu wanachokiruka ni hiki: Yohana namba hiyo aliisikia. Alipoinua macho aone, aliona umati usioweza kuhesabika, wa kila taifa na lugha. Ni mchezo ule ule wa sura ya tano, anasikia simba, akitazama anaona mwanakondoo. Kumi na mbili mara kumi na mbili mara elfu: watu wote wa Mungu, wa kale na wapya, kwa wingi usio na mfano.

Nani anataka mji mtakatifu? Stadio 12,000 kila upande, karibu kilomita 2,200, ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Maputo kwa ndege. Na kwenda juu ni hivyo hivyo. Kile kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka juu yetu kwenye kilomita 400 hivi, kwa hiyo kingegonga ghorofa za chini kabisa. Ukuta nao ni dhiraa 144, kama mita 65. Ukuta wa mita 65 kwa mji wa urefu huo ni kama uzio wa makuti nyumbani kwa tajiri. Lakini msikilizaji Myahudi angejua mara moja: umbo la urefu, upana na kimo vilivyo sawa alilijua mahali pamoja tu, Patakatifu pa Patakatifu pa Sulemani, dhiraa 20 kwa 20 kwa 20. Kile chumba alichoingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, kimekuwa mji mzima. Sasa niambie, ipi tamu zaidi, hiyo au vipimo vya fundi mwashi?

Hapo Msabato wetu akakohoa. Huyu ni mtu wa Upare, hanywi kahawa, anakaa nasi na maji yake ya chupa, namheshimu sana. Akasema, "Lakini siku kwa mwaka iko kwenye Maandiko." Kweli iko, Hesabu 14 na Ezekieli 4. Na ndiyo hiyo aliyoshika William Miller, mkulima wa jimbo la New York, Mbaptisti. Kachukua jioni na asubuhi 2,300 za Danieli 8, kazifanya miaka, kaanzia amri ya mfalme Artashasta mwaka 457 kabla ya Kristo, akaangukia 1843, kwamba ndipo Yesu atarudi. Mwaka ukapita. Wafuasi wake wakakumbuka kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya kabla ya Kristo na baada ya Kristo, wakaongeza mmoja. Samuel Snow akaleta tarehe kamili: Oktoba 22, 1844. Kuna wakulima walioacha mazao yao shambani. Maelfu wakakesha. Kulipopambazuka walikuwa wanalia.

Msabato wetu alinieleza wanavyoamini wao: tarehe ilikuwa sawa, tukio ndilo lilieleweka vibaya, kilichotokea kilikuwa katika patakatifu pa mbinguni, na tangu hapo kanisa lao halipangi tarehe. Sikubaliani naye kwenye ile hesabu, lakini nampa heko kwa hilo la mwisho. Watu waliolia usiku ule walipata somo ambalo wengine hawajalipata mpaka leo.

Kama Harold Camping. Huyo nisipomsemea nitalala vibaya. Mzee wa redio huko Oakland, California. Alitangaza mwisho kuwa Septemba 1994, ikapita. Akarudi na Mei 21, 2011. Na hapa ndipo hata sisi wa kambi ya mifano tunatakiwa tunyamaze kidogo, kwa sababu Camping alitumia mifano! Alisema tano ni upatanisho, kumi ni utimilifu, kumi na saba ni mbingu. Akazidisha, akapata 850, akaizidisha kwa yenyewe, akapata 722,500. Akahesabu siku hizo kuanzia Aprili 1 mwaka 33, siku aliyosema Yesu alisulubiwa, zikaangukia Mei 21, 2011. Mfyuuu! Kachukua namba zenye maana, kazirudisha kwenye kalenda kwa nguvu. Mstaafu mmoja wa New York alitoa akiba yake, zaidi ya dola 140,000, kubandika matangazo. Tarehe ilipofika alikuwa amesimama mjini kati anashangaa mbona watu wanampiga picha. Camping akasogeza mpaka Oktoba, ikapita nayo, na mwaka uliofuata akaandika kwamba alikosea. Zile dola hazikurudi.

Na hapa kwetu Maziwa Makuu tusijifanye hatujui. Kanungu, Uganda. Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliwaambia watu dunia inaisha Desemba 31, 1999. Watu wakauza mifugo na mashamba. Januari ikaingia kama Januari nyingine zote. Machi 17, 2000, kanisa likateketea na watu ndani, na makaburi ya halaiki yakafuata kugunduliwa. Walikufa mamia. Mwenye kutaja tarehe akishindwa, huwa hana pa kurudi, na waliouza mashamba wanadai.

Na ile miaka elfu ya Ufunuo mnaijua wenyewe, Augustino alishasema karne ya tano kwamba hiyo ni zama zote za kanisa, ingawa wazee waliomtangulia, kama huyo huyo Irenayo, waliichukua kama ilivyo. Ugomvi huo una ndevu nyeupe, sitaumaliza kwa kikombe kimoja.

"Kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kupata tarehe?" kijana wa bodaboda akauliza. Nikamwambia yupo mmoja mwenye akili kuliko kijiwe chote, Isaac Newton, yule wa nguvu ya mvutano. Alichukua zile siku 1,260 za Ufunuo, akazifanya miaka, akaanzia mwaka 800, Karolo Mkuu alipovikwa taji Roma. Karatasi iko Jerusalem, kwenye maktaba ya taifa ya Israeli. Akaandika kwamba mwisho hauji kabla ya 2060, na akaeleza kwamba ameandika hivyo ili kuwanyamazisha wanaopanga tarehe ovyo, kwa kuwa zikishindwa zinaaibisha unabii wenyewe.

Kijana hayo ya mwisho hakuyasikia. Alikuwa ameshatoa simu, anahesabu mwaka 2060 atakuwa na umri gani, na kama mkopo wa pikipiki utakuwa umekwisha.